Daftari la Siku Saba

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Leokadia huko Kanoni, na nilirudi nyumbani nikajitupa kitandani na viatu hadi mume wangu akadhani ni malaria. Haikuwa malaria, ilikuwa hasira. Nilikuwa nimekaa asubuhi nzima chini ya turubai, juu ya kiti cha plastiki, nikisikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na mpwa wake mwenye sauti nzuri, na katikati ya wasifu huo nikasikia kwamba marehemu ndiye aliyewafungulia mabinti wa familia za wahamiaji mlango wa taaluma ya lishe. Matunda yake, akasema mpwa, tunayo hapa hapa leo, mnayaona wenyewe. Watu wakageuka kunitazama. Adventina, niliyesoma naye, aliyekuwa amekaa kulia kwangu, akanifinya paja. Kuna waliopiga makofi, makofi msibani! Nami, afisa lishe mstaafu niliyepima watoto wa Karagwe tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru. Hilo la kuinamisha kichwa linaniuma hata sasa ninapoandika.

Habari za ukoo wangu, nani alivuka mto lini na kwa sababu gani, nitaziacha. Nimezieleza maofisini mara nyingi mno na sina deni nazo tena. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kidato cha nne, miaka michache baada ya vita, wakati sabuni ya mche ilipokatwa vipande na kila msichana akaandika jina lake juu ya kipande chake kwa ncha ya sindano. Shule yetu ilikuwa na chumba cha sayansi kimu ambacho bado nakiona nikifumba macho: majiko mawili ya mkaa, meza ndefu iliyosuguliwa kwa majivu, kabati la vioo lenye vikombe vya chai ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvinywea, na ukutani chati kubwa ya mlo kamili. Kwenye chati palikuwa na yai, samaki mzima, chungwa lililokatwa, mkate na glasi ya maziwa. Mwalimu Leokadia alivigonga kimoja kimoja kwa rula, akitaka tuvitaje kwa pamoja. Kisha kengele ilipigwa, tukaenda bwaloni kula ugali na maharage yenye wadudu, na yeye mwenyewe, aliyezaliwa Kanoni kwenye nyumba ambayo wanawake hawakuonja yai wala kuku kwa sababu ya mila, hakuona kichekesho chochote.

Tulikuwa wasichana wanne wa familia za kutoka ng'ambo ya mto, na bwaloni tulijulikana kwa mbali. Tulikaa mwisho wa benchi, tumeinama, sahani karibu na kifua, mgongo kwa wenzetu. Hatukuwa tunaringa. Kwetu mtu hali mahali ambapo mpita njia atamwona akitafuna, na hakuna anayemuuliza mwenzake amekula nini. Ukiulizwa umekula, jibu ni moja, nimekula vizuri, hata kama tumbo linanguruma hadi aliyeuliza analisikia. Mwalimu Leokadia alituita "wala mafichoni". Alipokuwa na furaha alisema kwa kutania, na darasa lilicheka. Alipokuwa hana furaha alisema bila kutania, na darasa bado lilicheka. Adventina naye alicheka, siku hizo tulikuwa bado hatujawa marafiki.

Bi Yustina, afisa lishe kutoka Bukoba, alikuja mwezi wa tatu kwa Land Rover ya serikali, akiwa na mizani ya kuning'inia ya kupimia watoto. Aliitundika kwenye boriti ya chumba cha sayansi kimu, akatia kwenye kisuruali cha mizani, cha kukalishia mtoto, fuko la maharage ya shule, tukasoma uzito. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuuza samaki. Akatueleza kazi yake. Alisema anatafuta wasichana wa kusomea lishe, kwamba chuo kimeipa wilaya yetu nafasi tatu, na wasichana wa nyuma wakanong'ona "afisa mpishi" kwa sauti ya kutosha kusikika. Yeye akacheka. "Sawa, mpishi," alisema. "Basi niambieni, nyie wapishi. Nimekaa kliniki ya Kaisho. Mama ameleta mtoto, nywele zimekuwa nyekundu, miguu ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Namuuliza, mtoto alikula nini jana? Ananijibu, amekula vizuri. Namuuliza tena. Amekula vizuri. Nitafanya nini na jibu hilo?" Akatugeukia sisi wanne mwisho wa benchi, sijui nani alimwonyesha. "Ninyi mnajua mama yule anaficha nini, na anaficha kwa nini. Mimi sijui, na chuo hakitanifundisha. Nawataka ninyi."

Hakuna mtu aliyewahi kusema mbele yangu kwamba ananitaka kwa sababu ya mahali nilipotoka. Kwa alama zangu za hesabu, kidato cha tano sikukiota hata usingizini. Mbele yangu palikuwa na chuo hicho au jembe la vibarua kwenye vibanja vya watu, mgomba kwa mgomba, nyuma ya mama yangu. Bi Yustina alitoa kazi ya kutupima: twende nyumbani likizo fupi na daftari, tuandike siku saba za chakula cha nyumba yetu, kila mtu na mstari wake, kwa sababu, alisema, chungu kimoja hakimaanishi sahani sawa. Madaftari bora matatu ndiyo yatakayopata fomu. Na akaahidi, akiwa ameweka mkono juu ya meza: "Nitayasoma mimi peke yangu. Siri ya jiko la mama yako haitatoka kwangu." Nilipokuwa nakusanya vikombe vya maji baada ya mkutano, nikamsikia Mwalimu Leokadia barazani akimwambia, "Dada, hawa wa kuja unajisumbua nao bure. Mtu anayeona haya kutafuna mbele za watu, atamfundisha nani kula?"

Nyumbani Kaisho, mama alikuwa anamenya ndizi nilipofika. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwana wanjye, mwanangu." Nikamweleza habari ya daftari. Kisu kikasimama. "Uandike tunachokula?" "Ndiyo mama, kwa ajili ya chuo." "Umpelekee nani?" "Mama mmoja wa serikali." Akaendelea kumenya, maganda yakianguka kwenye ungo. Mwishowe akasema, bila kuinua macho, "Sisi tukiandikwa huwa hatuandikwi kwa heri. Wataona tunakula vibaya, watasema hawa wamekuja kuwaongezea wenyeji njaa." Nikamwambia hapana, huyu ni mtu mwema. Akasema, "Mwema anauliza habari za mvua." Baba alikuwa mbali kwenye kuchuma kahawa za watu, kwa hiyo hakukuwa na wa kuamua kati yetu, na nikadhani mambo yameishia hapo.

Kumbe hayakuishia. Kesho yake mama alitoa sahani za bati zenye maua, ambazo hutolewa anapokuja padre. Tukala ndizi na maharage yaliyoungwa kwa samli, na kila mtu na kikombe cha maziwa. Siku ya pili, mboga ya majani ya dodo kwa karanga. Siku ya tatu maziwa tena, na mama akakaa nasi, akala mbele yangu, tonge kwa tonge, akinitazama kama anayesema andika basi. Niliandika. Nilimwona asubuhi akitoka na jembe kwenda kwa jirani mwenye ng'ombe, nikajua maziwa yanatoka wapi, na bado niliandika, maana daftari lilikuwa linapendeza. Siku ya nne akaleta nyama ya mbuzi. Mdogo wangu Speransia, wa miaka sita, alitazama sahani yake, akamtazama mama, akauliza, "Leo tena ni sikukuu?" Mama akamfinya sikio. Mtoto hakulia, alishika nyama kwa mikono miwili akala haraka, kama anayeogopa kwamba sikukuu itaisha kabla hajamaliza.

Hapo ndipo daftari lilipoanza kunichoma. Mchana wake nilikaa na Speransia nyuma ya nyumba tukipukuchua maharage, nikamuuliza wiki iliyopita mlikula nini. Majina ya siku hakuyajua. Alijua siku ya mvua ya mawe, siku ya kusali, siku kuku wa jirani alipoingia ndani, na kwa njia hiyo tukazipata siku zote saba. Siku ya mvua ya mawe, ndizi na maharage. Siku ya kuku, ndizi na maji ya chumvi. Baada ya kuku, ndizi na maji ya chumvi. "Na mama?" "Mama alishiba." "Siku ya mvua?" "Alishiba." "Alishiba nini, Spera?" Akaacha kupukuchua akanitazama kama anayemtazama mjinga. "Sijui. Tukila yeye anasema ameshiba." Nikageuza daftari, nikaanza upya kutoka ukurasa wa nyuma, na kwenye mstari wa mama nikaandika neno moja, ameshiba, mara saba. Mikono ilikuwa na vumbi la maharage, na kurasa zile zilichafuka. Mbele niliacha jinsi mama alivyotaka, nyuma nikaweka alichoniambia Speransia, nikisema moyoni kwamba atasoma mmoja tu na ameahidi.

Madaftari yalikusanywa na Mwalimu Leokadia. Hakuwa na ruhusa ya kuyafungua. Jumatatu iliyofuata tuliingia chumba cha sayansi kimu tukamkuta ameshika langu. "Konsolata, simama." Nikasimama. "Darasa, leo tutajifunza jinsi ya kutoandika." Akasoma kurasa za mbele, za maziwa na nyama, akanyanyua nyusi. Kisha akageuza. Alisoma siku ya kuku kuingia, akangoja kicheko, akakipata. Alisoma maji ya chumvi. Alisoma mstari wa mama yangu, siku baada ya siku, kwa sauti ileile aliyotumia kutaja vitu vya chati: "Mama, ameshiba. Mama, ameshiba." Kufikia siku ya nne darasa lilikuwa linaitikia pamoja naye, ameshiba, kwa mdundo, wengine wakigonga meza. Nimewahi kusikia watu wakisema hasira hupungua na umri. Yangu haijapungua. Nikipita mahali watoto wanaitikia somo kwa pamoja, natoka nje hadi waishe. Alipomaliza alisema daftari hilo haliendi popote, litaiaibisha shule, akalifungia kwenye kabati la vioo, juu ya vikombe. Kwa wiki mbili nilisoma sayansi kimu nikilitazama daftari langu kupitia kioo.

Msichana mmoja wa Kaisho alikwenda nyumbani kwa msiba, na Jumapili, nje ya kanisa, akawasimulia wenzake jinsi daftari langu lilivyosomwa. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yao na mwavuli. Sikuwepo, niliambiwa na Speransia baadaye. Aliniambia kwamba mama alisikiliza hadi mwisho, akafungua mwavuli ingawa mvua haikuwepo, akatembea nao hivyo hadi nyumbani.

Bi Yustina aliporudi, Mwalimu Leokadia alimpangia madaftari matatu mezani, la Adventina likiwa juu. Bi Yustina akalifungua mbele yetu. Jumatatu, yai, mkate, chungwa. Jumanne, samaki. Akauliza kwa upole, "Adventina, huyu samaki mlimpata wapi Kanoni?" Adventina akatazama chini. Bi Yustina akainua macho kwenye chati ya ukutani, akayashusha kwenye daftari, akayapandisha tena, akalifunga. "Mengine yako wapi? Niliagiza yote." Mwalimu akasema mengine hayakufaa. Nikasimama. Sikuwa jasiri, ieleweke. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba miguu ilisimama kabla yangu. "Langu liko mle kabatini," nikasema. Mwalimu akasema ufunguo umepotea. Basi nikalisoma bila kulishika. Wiki mbili za kulitazama zilinitosha. Nilianza na siku ya mvua ya mawe nikaenda hadi siku ya saba, kila mtu na mstari wake, na nilipofika kwa mama nilisema ameshiba, na safari hii hakuna aliyeitikia. Nilisikia mbao za benchi zikilia mtu akijigeuza.

Bi Yustina hakunisifu. Alimnyooshea Mwalimu Leokadia kiganja, akakiacha hewani, hadi ufunguo ukatoka kwenye mfuko wa gauni. Alisoma daftari lote akiwa amesimama, mbele na nyuma. Kisha akatoa fomu. Mwalimu akamwambia kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji, akidhani sisi wanne hatukijui, sisi tuliokipigia kelele mtoni tangu utotoni, kwamba wazazi wa huyu walivuka mto, wilayani watakuja kuuliza habari zake. Bi Yustina akamjibu kwa Kiswahili ili sote tusikie. "Mtoto aliyevimba miguu simuulizi alivuka mto gani. Weka sahihi yako hapa, Mwalimu." Aliweka. Hiyo sahihi, iliyotolewa kwa kuogopa mwanamke mfupi kutoka Bukoba, ndiyo waliyoipigia makofi Kanoni.

Nilikimbia na fomu nyumbani likizo ilipofika. Mama aliipokea, akaishika kichwa chini maana kusoma hakujua, akanirudishia. "Uliihesabu sahani yangu," alisema. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Nikaeleza ahadi, kabati, ufunguo, nikalia. "Nenda kasome," akasema. "Hiyo kazi ni nzuri, wasaidie watoto wa watu. Lakini jikoni kwangu hutaniona nikila." Nikadhani ni hasira ya siku moja. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikumwona tena akitia kitu kinywani. Nilipomtembelea alipakua, akatukaribisha, akatoka kwenda kuangalia mbuzi. Nilipoleta dagaa alishukuru, akawafunika kwa ungo. "Mama, umekula?" "Nimeshiba." Nimewauliza akina mama wa Kaisho, wa Kiruruma, wa kila mahali gari langu lilipofika, mmekula nini jana, na wameniambia kweli, kwa sababu nilijua kuuliza nikiwa nimekaa chini, nimetazama pembeni, baada ya kuuliza habari za mvua. Mama alipolazwa mara ya mwisho, muuguzi kijana alinishika mkono akaniuliza, mama, wewe ni mtaalamu, mgonjwa alikuwa anakula nini siku hizi? Sikujua. Nikamjibu, alikuwa anakula vizuri.

Kama Mwalimu Leokadia angelipeleka daftari lile lilivyokuwa, limefungwa, Bi Yustina angelisoma peke yake, mimi ningepata fomu yangu, na mama yangu angeendelea kula mbele ya binti yake. Sikuhitaji wema wake. Nilihitaji anyamaze tu.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu chini ya turubai, wakati mshereheshaji, maana siku hizi na misiba ina mshereheshaji, alipotangaza kwamba sasa tutasikia neno fupi kutoka kwa tunda la marehemu. Adventina akaninong'oneza, "Maawe, Konso, mazishi haya. Sema mbili uketi." Nikachukua kipaza sauti. Nikasema shikamooni wakubwa, poleni wafiwa. Nikasema mlango nilifunguliwa na Bi Yustina, ambaye naye ametangulia, na mama yangu Daforoza wa Kaisho ndiye aliyeulipia, kwa namna ambayo hamkuisoma kwenye wasifu. "Mwalimu Leokadia alikuwa na ufunguo," nikasema, "mfukoni mwa gauni lake, na alisema umepotea." Kwaya ikaanza kuimba kabla sijamaliza. Mpwa alinipokonya kipaza sauti kwa adabu. Nilirudi kitini, watu wakipisha miguu yao nisiwaguse.

Baada ya kaburi, chakula kikagawiwa. Wali, nyama, ndizi, hata nusu yai kwa kila sahani, Kanoni ya leo. Adventina akaniletea langu. Uso wake ulikuwa na machozi, sijui ya nani kati yetu. "Yale mayai nilinakili ukutani," alisema, ingawa nilikuwa nalijua hilo miaka yote. "Nyumbani tulikuwa tunakula kama ninyi tu. Kula basi, tangu alfajiri hujatia kitu mdomoni." Ilikuwa kweli. Njaa ilikuwa inanikata, na nyama ilinukia. Nikaitazama sahani ya nyumba ile. Miaka yote nilifikiri mama alisema lile neno kwa ajili yetu watoto, kisha nikafikiri anasema kwa aibu. Sikuwahi kufikiri kwamba lilikuwa hasira, hasira ya mtu aliyebakiwa na kinywa chake tu cha kukatalia, hadi nilipolisikia likitoka kwangu, kwa utulivu wake uleule.

"Asante, Adventina," nikasema. "Nimeshiba."